Hapana ya Tatu

Mimi kazi yangu ni kusukuma machela. Mwaka wa kumi na tisa sasa nasukuma machela katika hospitali yetu hapa San Jerónimo, na kama kuna mtu anayemtambua mgonjwa wa kidole tumbo kabla daktari hajamgusa, ni mimi Gumersindo. Msicheke. Kati ya chumba cha dharura na maabara kuna kizingiti kilichoinuka kidogo, na machela ikikipita lazima iruke. Mwenye gesi hasemi kitu. Mwenye mawe ya figo anaendelea kulia vilevile alivyokuwa akilia. Mwenye kidole tumbo anatoa "ay!" moja tu, kali, kisha ananitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Nimemweleza hivyo kila daktari aliyepita hapa, na hakuna hata mmoja aliyeandika.

Lakini habari zangu ziacheni. Nataka kuwasimulia habari za Doña Hermelinda Tecuapetla, nesi wetu wa dharura, sisi tunamwita Doña Herme. Mama wa miaka sitini na moja, mfupi, mnene wa mabega, na sauti yake ukiisikia kutoka uani unanyoosha mgongo hata kama hujafanya kosa. Miaka thelathini na tano amekaa kwenye mlango ule wa dharura. Wanaume wanaoingia wamelewa wanamwomba radhi kabla hajasema neno. Hakuwahi kuolewa. Alichumbiwa mara moja, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na kijana mmoja aitwaye Lucio. Wiki ya harusi mama yake Herme akaugua, harusi ikaahirishwa miezi miwili tu. Lucio akasema basi, ngoja niende Chicago nitafute chochote kidogo wakati tunangoja. Mpaka leo hajarudi, na huko ana wajukuu.

Mwaka jana ndipo Don Crisóforo, mwokaji wa mikate, mjane, mtu wa maneno machache kama mlango, alipomwomba amuoe. Miaka kumi na moja amekuwa akituletea mikate hospitalini kila asubuhi, na miaka yote kumi na moja mkate wa Doña Herme ulikuwa mkubwa kuliko yetu. Sisi tulidhani ni kwa sababu anamwogopa.

Mwaka huohuo aliletwa kwetu Daktari Ximena Garza, binti wa miaka ishirini na nane kutoka Monterrey, anasomea upasuaji. Msichana mzuri, mchapakazi, ila ana ukavu wa watu wa kaskazini. Alikuwa anaandika tasnifu yake. Aligawa karatasi mbili kwa kila tumbo linaloingia. Ya njano ilikuwa kipimo cha Alvarado, maswali manane, ukifikisha alama saba unapelekwa kwenye kisu. Ya buluu ilikuwa kipimo cha RIPASA, kimetoka Brunei huko mwisho wa dunia, kina maswali mengi zaidi, na mpaka wake ni saba na nusu. Kazi yake ilikuwa kujaza zote mbili, kisha kuangalia daktari mkuu amekuta nini ndani, apate kujua karatasi ipi inaongopa kidogo kuliko mwenzake.

Ile ya buluu ilituchekesha sana, kwa sababu inatoa alama moja ya ziada kwa mtu ambaye si raia.

"Hapa mgeni ni nani?" akauliza Ximena siku ya kwanza.

"Mhasibu," tukamjibu sote kwa pamoja. "Ametoka Veracruz."

"Veracruz ni Meksiko!"

"Umemsikia anavyoongea lakini?" nikamwambia. Akanifukuza.

Miezi mitatu baadaye alikuja kibarazani na bahasha yake, amenuna. Kulikuwa na swali moja kwenye karatasi zote mbili, la hamu ya kula. Ukipoteza hamu ya kula unapewa alama moja, maana kidole tumbo kikivimba mtu hataki hata kuona chakula. Na wagonjwa wake wote walikuwa wamepoteza hamu. Wote! Hata mzee mmoja aliyeingia na gesi ya maharagwe, akatoka siku hiyohiyo, tukamwona mlangoni anakula tamale mbili za mahindi, moja kila mkono.

"Unawauliza vipi?" Doña Herme akamuuliza.

"Nawauliza kama kawaida. Ungependa kula kitu?"

"Na wanakujibu nini?"

"Hapana, asante sana, daktari."

Jamani, Doña Herme alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, wewe umelelewa wapi? Nani hapa anapokea chakula mara ya kwanza? Mara ya kwanza unasema hapana kwa sababu una adabu. Mara ya pili unasema hapana kwa sababu mama yako alikuwa na adabu. Ile ya tatu ndiyo jibu. Na usiulize 'kitu'. Taja chakula chenyewe. Mwambie nina mole hapa ya bata mzinga, mchuzi umepikwa leo, mikate ya tortilla bado ina moto. Mpe mara tatu. Akisema hapana ya tatu kwa mole, mpeleke ndani mbio."

"Huko kwetu mtu akiwa na njaa anasema ana njaa," Ximena akajitetea.

"Ndiyo maana mnaonekana hamna haya."

Binti yule hakukasirika. Alirudia kazi ya miezi mitatu, akaanza upya kwa wagonjwa wapya, mara tatu kwa mole. Ilimgharimu usingizi, lakini karatasi zake zikaanza kusema kitu. Tangu hapo akawa anamfuata Doña Herme kama kifaranga, na mimi nikawa nasubiri siku atakayokumbuka kizingiti changu.

Harusi ilipangwa Jumamosi, saa sita mchana. Wageni mia mbili. Bata mzinga kumi na wanne walichinjwa, na wifi yake Doña Herme akakesha siku tatu anasaga pilipili, ufuta na chokoleti vya mole mpaka mtaa mzima ukanukia. Alhamisi vyungu vya mole vilikuwa tayari, virefu kufika kiunoni.

Ijumaa saa mbili asubuhi, bibi harusi huyo hapo hospitalini! Yuko likizo, lakini ametuletea sinia la mikate ya harusi, ile ya sukari nyekundu. Manesi wakamzunguka kwa vigelegele. "Bibi harusi tumbo joto! Bibi harusi tumbo joto!" Akacheka nao. Ila mimi nilimwona akiweka sinia. Hakuliweka. Aliliachia, kisha akajiegemeza ukutani na mkono mmoja upande wa kulia, chini, pale ninapopajua.

"Doña Herme, umekula nini?" nikamuuliza.

"Nimekula furaha. Kwani vipi?"

"Hakuna. Njoo ukae kwenye kiti hiki cha magurudumu nikuzungushe uwaage watu. Bibi harusi hatembei."

Kwa kiburi chake nilijua atakaa. Akakaa, mkono mmoja anapungia watu. Nikamsukuma polepole kuelekea maabara, na kufika kizingitini sikupunguza mwendo.

"Ay!"

Akageuka akanitazama.

"Gumersindo! Bata mzinga wa kumi na tano wewe! Umefanya makusudi!"

Nilimpeleka moja kwa moja kwa Ximena, yeye akinitukana njia nzima, na matusi yake yenyewe yalikuwa hayana nguvu, nikaogopa zaidi.

Ximena alimlaza, akamkanda tumbo. Akibonyeza pale chini kulia, Doña Herme anauma mdomo. Akiachia mkono ghafla, anauma zaidi. Damu ikapelekwa maabara, ikarudi na chembe nyeupe nyingi. Mkojo safi. Homa hana. Mashine ya ultrasaundi tunayo, lakini mwenye kuisoma huja Jumatatu, na ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani iko mjini, mwendo wa saa mbili na nusu za kona. Ikabaki karatasi ya njano na karatasi ya buluu.

"Maumivu yalianzia wapi? Kitovuni kisha yakashuka?"

"Yalianzia hapohapo yalipo."

"Umetapika?"

"Mimi? Sijatapika tangu utoto."

"Hamu ya kula?"

"Tele."

"Doña Herme. Kuna mole ya bata mzinga."

"Najua ipo, ni yangu! Ningekula sasa hivi. Lete."

Ximena akajumlisha. Ya njano, tano. Ya buluu, sita na nusu. Zote mbili chini ya mpaka. Akampelekea Daktari Barrientos, mkuu wa upasuaji, mtu mwema lakini anayeamini namba kuliko macho yake. Barrientos akasoma, akaja akamgusa tumbo, akakuna kidevu.

"Alazwe tumwangalie mpaka kesho mchana."

"Kesho mchana naolewa," akasema Doña Herme, anatafuta viatu. "Nipeni karatasi ya kutoka nisaini. Jumapili nitarudi mniangalie mpaka mchoke."

"Daktari," nikasema, "kizingitini alipiga kelele."

"Gumersindo, siwezi kumpasua mtu kwa sababu ya kizingiti chako."

Barrientos akaenda kwa mgonjwa mwingine. Ximena akatoka ukumbini, amezikunja zile karatasi mkononi. Macho yamemjaa machozi.

"Akienda nyumbani kikapasuka usiku, Gume, usaha utajaa tumbo zima. Ana miaka sitini na moja. Anaweza kufa."

"Na karatasi zinasema asubiri."

"Karatasi zinasema kile alichoziambia. Anadanganya! Wengine wote wananiambia hapana kwa adabu, huyu ananiambia ndiyo kwa ukaidi." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kwake ni umbali gani?"

"Dakika kumi."

"Kalete sahani ya mole."

"Haruhusiwi kula, akipasuliwa je?"

"Hatakula. Akila, naacha udaktari naenda kuoka mikate."

Nilikimbia. Wifi yake aliniuliza ya nani, nikasema ya daktari mkuu, akaongeza paja. Nikarudi na sahani imefunikwa, ufuta umenyunyizwa juu, tortilla zimefungwa kitambaani zinatoa mvuke. Ukumbi mzima wagonjwa waliinua vichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nameza mate.

Ximena akaiweka mbele ya Doña Herme, akakaa.

"Karibu, Doña Herme."

Doña Herme akaitazama. "Asante, mwanangu. Sasa hivi nimeshiba."

"Muda si mrefu uliopita ulisema ningekuletea ungekula."

"Mtu hapokei mara ya kwanza. Nimekufundisha mwenyewe."

"Haya. Mara ya pili. Karibu."

"Nitakula baadaye, ipoe."

"Mara ya tatu, Doña Herme," akasema Ximena. "Nimekupa mara tatu. Imepikwa kwako. Ni mole ya harusi yako."

Nilitamani niwe nje. Doña Herme aliinua kidevu, akachana tortilla, akachovya, akapeleka mdomoni. Mkono ukafika karibu na mdomo ukasimama. Uso ukamgeuka rangi ya unga. Akashusha ile tortilla taratibu, akaiweka pembeni ya sahani, akaisukuma sahani mbali kwa kidole kimoja.

"Ondoa," akasema. "Harufu tu inanichafua roho."

Nikaiondoa. Akaanza kulia, yeye ambaye sijamwona akilia miaka kumi na tisa.

"Yalianzia kitovuni jana jioni. Leo asubuhi nimetapika mara mbili. Andika. Andika yote, haya, furahi."

Ximena akaandika. Ya njano ikawa nane. Ya buluu ikawa tisa. Kwa mara ya kwanza tangu nizijue zile karatasi, zilikuwa zimekubaliana bila ugomvi.

"Niliahirisha mara moja," Doña Herme akasema. "Miezi miwili tu. Unajua mtu anavyoondoka? Haondoki kwa ugomvi. Anakwambia ngoja kidogo, anakubusu, anapanda basi. Miaka thelathini na minane, mwanangu. Sasa nimempata mtu, na wewe unaniambia niahirishe. Crisóforo atasema haya mama, hakuna neno, kisha atazoea kukaa bila mimi. Alishazoea zamani."

Mwingine angempamba kwa maneno matamu. Ximena wa Monterrey akasema, "Mimi najua matumbo tu. Ya Don Crisóforo muulize Don Crisóforo."

Doña Herme akasaini, na saa nane mchana nilimsukuma kwenda chumba cha upasuaji, kilicho ng'ambo ya maabara. Tulipofika kizingitini nilisimama, nikaita mwenzangu, tukaiinua machela kwa mikono, magurudumu yote manne, tukaivusha hewani. Doña Herme akafungua jicho moja. "Kumbe unaweza," akasema.

Barrientos alitoka baada ya saa moja. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, ncha nyeusi, bado siku moja kipasuke. "Kingepasuka mbele ya padri," akasema. Kisha akanitazama kwa aibu kidogo. "Hicho kizingiti chako, kina urefu gani?" Nikamwambia nitampimia.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa Don Crisóforo. Nilimkuta mbele ya tanuri, mikate ya kesho imo ndani. Nikamweleza yote, yuko salama, ila harusi kesho haipo. Akasikiliza mpaka mwisho, koleo la mikate mkononi.

"Sawa," akasema. Akageukia tanuri.

Sawa! Sawa tu! Niliondoka damu inanichemka. Nikasema moyoni, Doña Herme alijua anachosema. Usiku Don Crisóforo alikuja, lakini alizuiwa mlangoni kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita, na hakubishana. Hilo nalo nililiona baya.

Jumamosi ilifika. Mole ya watu mia mbili haiahirishwi, kila mtu anajua hilo, kwa hiyo karamu ikaendelea. Kuanzia saa saba matarumbeta yakaanza, na ukumbi wa sherehe uko nyuma ya hospitali, kwa hiyo wodi nzima ikasikia. Doña Herme amelala na mshono wake, anausikiliza muziki wa harusi yake dirishani.

"Huo ni ule wa kucheza na bata mzinga," akasema, maana kwenye harusi zetu lazima mtu acheze amembeba bata mzinga. "Nani anacheza nao?"

Nikaenda kuchungulia, nikarudi. "Don Crisóforo."

"Peke yake?"

"Peke yake na bata mzinga."

Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Akaniomba nifunge dirisha. Nikafunga.

Saa kumi mlango ukafunguliwa, na Don Crisóforo akaingia na suti nyeusi, ua jeupe kifuani, jasho jingi, na kikapu kimefunikwa. Nyuma yake Ximena, kwa sababu ilikuwa saa ya kukagua kidonda, ndivyo alivyodai.

"Umechelewa," akasema Doña Herme.

"Wageni mia mbili. Kila mmoja ilibidi nimweleze. Shangazi zako nimewaeleza mara mbili." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mimi nilikuwa nakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Crisóforo," Doña Herme akaanza, macho kwenye dari. "Watu wameshakula. Wamecheza. Ukitaka tuishie hapa, tuishie. Sitakasirika."

"Hapana," akasema Don Crisóforo.

"Sisi ni watu wazima. Una tanuri lako, una utulivu wako. Mimi nina sauti kubwa, wewe unapenda kimya. Hakuna atakayekulaumu."

"Hapana."

Nikamwona Ximena ameganda na bandeji mkononi. Akanitazama. Nami nikamtazama. Tulikuwa tunahesabu wote wawili, Mungu atusamehe.

Doña Herme akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama usoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Gumersindo ameniambia jana ulisema sawa. Basi nakuuliza mara ya mwisho. Unataka kuondoka?"

Mzee yule alivua kofia. "Nilisema sawa kwa sababu nilitaka kulia na mikate ilikuwa ndani. Hapana, Herme. Hapana."

Ximena akapenga kwenye bandeji safi, ikabidi akachukue nyingine.

"Sasa zamu yangu," akasema Don Crisóforo. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo siku moja. "Mimi sina subira ya mara tatu, nauliza mara moja. Padri ana nafasi Jumamosi ijayo. Utakuja?"

"Ndiyo," akajibu Doña Herme, palepale, bila adabu hata chembe. Kisha akavuta pumzi upande wa kikapu. "Humo ndani kuna nini?"

"Mole. Ya kupasha moto. Nimewaletea hawa."

"Mwanangu," akamwambia Ximena, "mimi nakula lini?"